Simu zinaweza kuongea bila mnara, tunasubiri nini?

Ndugu Mhariri,

Kila likitokea tetemeko au kimbunga ni yaleyale, mtandao umekata, watu hawapatikani, na wewe uko hapo unapiga namba ileile mpaka chaji inaisha. Naomba kanafasi niseme jambo moja: mnara ukianguka simu yako haijafa. Ina Bluetooth, ina Wi-Fi, na hizo ni redio kabisa, zinaweza kurusha meseji hadi simu ya jirani bila kupitia kampuni yoyote, jirani naye simu yake ikapasia ya mbele, hivyohivyo hadi ifike. Hata pakiwa na pengo katikati, anayetembea kutoka kambini kwenda hospitali anabeba meseji za wenzake bila hata kujua, akifika karibu na simu nyingine zinashuka zenyewe.

Wala sio ndoto. Baada ya tetemeko la Haiti la 2010, mtafiti Paul Gardner-Stephen wa Australia alianzisha mradi wa Serval Project kwa kazi hiyohiyo, na 2014 waandamanaji wa Hong Kong walikuwa wanachati kwa FireChat, programu ya kurushiana meseji simu kwa simu, wakihofia intaneti kuzimwa. Sasa kwa nini Kimbunga Maria kilipopiga Puerto Rico 2017, zaidi ya asilimia 90 ya minara ikazima, watu wakabaki na simu za kuwashia tochi tu?

Mi naona shida ni kwamba yote haya ni programu ya kupakua, na kumwambia mtu apakue wakati mtandao haupo ni utani mbaya. Halafu Bluetooth inafika makumi ya mita tu, kwa hiyo wakiwa nayo watu wachache mnyororo unakatika mapema. Inatakiwa iwe ndani ya simu tangu kiwandani, na Android iongee na iPhone. Wasituambie haiwezekani maana 2020 wakati wa korona Apple na Google walikaa pamoja, ndani ya wiki chache simu za pande zote mbili zikawa zinatambuana kwa Bluetooth. Uwezo upo, msukumo ndo hakuna.

Satelaiti? Nzuri, iPhone 14 ilianza kutuma meseji za dharura kwa satelaiti Novemba 2022, ila inataka uwe nje unaona anga, aliyefukiwa na kifusi haimsaidii, wakati simu ya mwokoaji iko mita tano juu yake.

Nakubali kuna ya kurekebisha. Chaji italiwa, hilo lazima. Na usalama usifanyiwe mchezo, Bridgefy, programu nyingine ya aina hiyohiyo, watafiti waliichambua 2020 wakakuta meseji zinaweza kusomwa na watu wasiohusika, na kwenye vurugu hiyo inaweza kumponza mtu.

Lakini serikali zikitaka zinaweza, India ilishaagiza simu zote zinazouzwa kuanzia 2017 ziwe na kitufe cha dharura na ziliwekwa. Mamlaka za mawasiliano ndo zinazoidhinisha simu kabla hazijaingia sokoni, waongeze sharti hili kwenye fomu zao. Na wakiweka, jamani, isifichwe kwenye setingi huko ndani ambako hata fundi anapotea, ijitokeze yenyewe pale juu ya kioo netiweki inapopotea.

Msomaji wenu