Salamu za Idi el Fitri kutoka Ujiji: mwezi mmoja, sufuria mbili

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu, jamaa na majirani wa Ujiji, Mwanga, Gungu, Kibirizi na Katonga, nanyi mlio mbali, Tabora, Mwanza, Dar es Salaam na kwingineko: Idi Mubarak. Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha mwisho wa mfungo. Waliofunga wakubaliwe funga zao, wagonjwa wapone, wasafiri wafike salama, na waliotangulia mbele ya haki Mola awalaze mahali pema.

Mwezi umeandama. Huku Ziwa Tanganyika wanautazama wanaongoja kufungua, na wanautazama wavuvi. Mwezi mchanga huzama mapema baada ya Magharibi, na usiku wote unaobaki ni giza. Dagaa hufuata taa penye giza. Mbalamwezi ikikolea hutawanyika, taa haiwavuti tena, na mitumbwi hukaa mwaloni. Kwa hiyo Idi hii ya mfunguo mosi huangukia gizani, dagaa wakiwa wanavuliwa, lakini Idi ya mfunguo tatu huja siku ya kumi, mwezi umeshavuka nusu na unang'aa mpaka baada ya usiku wa manane. Mwenye kuijua hesabu hiyo hawangoji dagaa wa Idi kubwa mpaka siku ya mwisho. Huweka akiba mapema, wakiwa wakavu na bei ikiwa tulivu.

Safari hii giza lipo, lakini na mvua ipo. Dagaa aliyeanikwa asubuhi akapata jua la kutwa hukauka vizuri, hubaki na rangi ya fedha, na ukimkunja hukatika. Aliyenyeshewa hugeuka kahawia, tumbo hupasuka, na uchungu wake hautoki hata umkaange vipi. Walioanikwa juu ya mchanga huja na mchanga wao mpaka mezani. Chanja cha wavu kilichoinuliwa kiunoni hupitisha upepo juu na chini, na manyunyu yakianza ni rahisi kukifunika. Anayenunua achukue wachache kiganjani, awavunje, awanuse, ndipo aulize bei.

Bei yenyewe wote tunaijua. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, ili samaki wapate kuzaliana. Sababu ilikuwa ya haki, kwa kuwa nyavu zimekuwa nyingi na samaki wamepungua. Lakini tusisahau kwamba kuna nyumba zilizokula akiba yao yote katika miezi ile mitatu. Ada za shule hazikungoja ziwa lifunguliwe. Kuna ambao mpaka leo wanalipa deni la unga.

Ndiyo maana salamu hizi tumezielekeza kwenye sufuria ya pili, ya dagaa. Ya kwanza ni pilau, nayo ina heshima yake. Jina lake limetoka Uajemi na Bara Hindi, na viungo vyake vilipanda huku kwa njia ya misafara, kutoka pwani kupitia Tabora hadi Ujiji. Asiyeweza kupika pilau mwaka huu asijione hana Idi. Sufuria ya dagaa kwa mawese ni kongwe hapa kuliko ya pilau. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika Ujiji Februari 1858, michikichi waliikuta imesimama. Chumvi ya Uvinza, inayochemshwa kutoka kwenye chemchemi karibu na mto Ruchugi unapokutana na Malagarasi, ina zaidi ya miaka elfu moja ya kazi. Nyanya na pilipili zilikuja baadaye, asili yake Amerika.

Basi tuipike kwa heshima. Kwa watu sita, chukua vikombe vitatu vya dagaa wakavu. Chambua, osha mara mbili kwa maji ya vuguvugu, haraka, kisha chuja. Usiwaloweke: dagaa aliyelowekwa husambaratika na sufuria inakuwa uji. Nusu kikombe cha mawese kipate moto wa wastani. Mawese yakiachwa yafuke moshi wekundu wake hufifia, na wekundu ule ndio karotini ambayo mwili huigeuza vitamini A. Kuyachoma ni kutupa kilicho bora ndani yake. Kaanga dagaa dakika nne au tano mpaka wakakamae, waepue. Tia vitunguu viwili, nyanya chungu sita zilizopasuliwa, kisha nyanya nne. Ngoja mpaka mafuta yaelee juu ya nyanya, hapo hakuna mkato. Rudisha dagaa, nusu kikombe cha maji, pilipili nzima isiyopasuka, funika dakika kumi kwa moto mdogo. Chumvi mwisho, baada ya kuonja, kwa kuwa wengine hukaushwa na chumvi. Ugali wa muhogo, na limau pembeni.

Na mawese nayo yachaguliwe. Mkungu ukishakatwa, ngazi, yaani tunda za mchikichi, zipumzike siku mbili tatu ili zichomoke kwa urahisi. Zikilala wiki, hasa zilizochubuka, mafuta huchachuka na kukwaruza koo. Huchemshwa saa mbili au tatu mpaka ukucha uzame, hutwangwa zingali moto bila kuvunja kokwa, hutiwa maji ya moto, na mafuta yanayopanda huenguliwa. Kisha hurudishwa motoni mpaka yaache kutoa mapovu. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo wengi wanairuka, kwa haraka ya soko, na maji yaliyobaki ndiyo yanayoharibu dumu zima. Yakirukaruka kikaangoni, ujue yana maji. Yakiganda asubuhi ya baridi, hayo ni maumbile yake, usimlaumu muuzaji.

Mwaka huu bibi hayupo. Kinu chake kimeegemezwa ukutani na hakuna aliyeweza kukigusa. Mawese ya Idi hii tumenunua.

Ndugu zangu, zakatul fitri itoke kabla ya swala, si baada yake. Pishi moja kwa kila kichwa, mpaka mtoto wa jana, karibu kilo mbili na nusu za chakula tunachokula wenyewe, si chenga zilizobaki chini ya gunia. Wauzaji, kisado kijazwe. Kukipinda kitako ili kipunguze vikombe viwili ni kula haki ya mtu, na funga ya mwezi mzima haifuniki jambo hilo. Wenye mitumbwi, msiwalipe vijana nusu mkangoja Idi ipite. Wenye nyavu za macho madogo, mnawavua watoto wa dagaa, nanyi mnajua. Mliosafiri na kufanikiwa, mnapotuma nguo za watoto, tumeni na unga kwa mama wa jirani ambaye mumewe hakurudi kutoka ziwani. Tusipeane mikono msikitini huku majirani wawili hawasalimiani tangu mfungo uanze. Anayedai aseme kwa upole, anayedaiwa asijifiche.

Minal aidina wal faizina, kullu am wa antum bikheir. Mwenyezi Mungu atupe mvua isiyoozesha na jua la kuanikia, azirudishe taa zote mwaloni salama alfajiri. Mlango uko wazi kuanzia baada ya swala. Pilau ikiisha, sufuria ya dagaa itakuwa bado jikoni.