Tuwahesabu na waliosimama

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wako aliyedai juma lililopita kwamba makongamano ya teknolojia yanayoandaliwa na vijana huishia kwenye fulana, chai na picha za pamoja. Nakiri kwamba fulana zipo, na chai pia, ingawa mwaka wetu wa kwanza maandazi yalikwisha kabla ya saa nne. Ninachopinga ni kipimo chake: amewahesabu waliokaa vitini, akawasahau waliokuwa wamesimama.

Kwa miaka mitatu nimekuwa kwenye kamati ya kongamano dogo la waandishi wa programu hapa Morogoro. Hatulipwi. Mwaka wa pili kampuni iliyoahidi kugharimia ukumbi ilijitoa zikiwa zimesalia siku kumi na moja, na aliyetuokoa ni mweka hazina wetu, mwanafunzi wa mwaka wa pili, ambaye alikaa na mwenye ukumbi jioni nzima, daftari la mahesabu likiwa wazi mezani, hadi wakakubaliana tulipe kwa awamu tatu na alasiri tuhamie chumba kidogo cha nyuma. Alipofika kwenye usaili wa kazi akaulizwa angefanya nini mradi ukiishiwa fedha katikati, hakuwa na haja ya kubuni jibu. Sisemi kongamano ndilo lililompa kazi, kwa kuwa uwezo alikuwa nao. Lilimpa mahali pa kuuonyesha.

Hata mikutano mikubwa huegemea mikono ya namna hiyo. Mkutano wa kwanza wa DjangoCon Africa, wa watumiaji wa Django, zana ya kuandikia programu za tovuti, uliofanyika Zanzibar Novemba 2023, na uliofuata Arusha mwaka 2025, ilibebwa na watu wa kujitolea. Vivyo hivyo warsha za Django Girls, zilizoanzia Berlin mwaka 2014, ambamo mwanamke asiyewahi kuandika programu hujenga tovuti yake kwa siku moja bila kulipa ada, akisaidiwa na wakufunzi wasiolipwa.

Kinachonisikitisha ni kwamba vyuo humpa alama za mafunzo kwa vitendo kijana aliyeshinda wiki nane akitoa nakala ofisini, lakini miezi sita ya kutafuta wafadhili, kuchambua mada zilizowasilishwa na kuandika mfumo wa usajili haihesabiwi popote. Naviomba vyuo viikubali kazi hiyo, nasi waandaaji tutie saini fomu kwa uaminifu. Sisi nasi tuna kosa letu: tunawapandisha jukwaani wazungumzaji walewale kila mwaka, ilhali dakika tano zingemtosha anayeanza.

Maandalizi ya mwaka huu yameanza, na bado hatujapata mtu wa vipaza sauti. Msomaji wako akiwa tayari, tunakutana kila Jumamosi saa tatu asubuhi, chai atajinunulia.

Mjumbe wa kamati ya maandalizi,
Morogoro