Somo yangu, itoe kamera kabatini

Magomeni, Dar es Salaam

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi, na pole na baridi ya huko Iringa. Sisi huku wazima, watoto wanakuamkia. Ujumbe wako nimeusoma, na pale uliposema kamera aliyokuachia kaka imelala kabatini kwa sababu mtaani kwenu hakuna cha kupiga, neno hilo limenikaa. Ndiyo maana nimeamua kukuandikia barua nzima.

Unajua tangu mwaka jana nina mazoea ya kupiga picha kila siku. Naweza kupiga nyingi, lakini usiku kabla ya kulala nabakiza moja, zilizobaki nafuta. Kwenye kule kufuta ndiko ninakojifunza. Ukiwa na picha kadhaa za mtu yule yule na huna budi kubakiza moja, unaanza kuona vitu ambavyo hukuviona ulipokuwa umesimama mbele yake: huyu amekatwa kiganja, hapa nguzo ya umeme imemwota kichwani, hapa macho yamepotelea kwenye kivuli. Kesho yake unapoinua kamera, jicho limeshajua pa kuangalia.

Kuna mama anapika vitumbua kwenye kona yetu. Nilimwomba ruhusa, akacheka, akasema nipige tu mradi ninunue. Nimempiga asubuhi nyingi. Nikisimama na jua mgongoni mwangu, mvuke hauonekani kabisa na uso wake unakuwa bapa. Nikizunguka upande wa pili, jua likawa nyuma yake na ukuta wenye kivuli mbele yangu, mvuke wote unawaka. Unauona unavyopanda kutoka kwenye kila kishimo cha kikaango, unajipinda kwenye mkono wake anapogeuza kitumbua kwa kijiti, na ukingo wa kanga yake unang'aa kama umetariziwa. Hicho ndicho ninachotaka ukielewe, somo. Unachopiga ni mwanga unavyomwangukia mtu, na mwanga unafika hata uchochoroni kwenu.

Ila huku pwani una saa zake. Jua letu linapanda haraka mno. Mwanzoni mwa Machi, na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, adhuhuri hupita utosini kabisa, na hata mwezi Juni saa sita mchana bado liko juu sana. Wakati huo macho ya watu yanakuwa mashimo meusi. Mimi napiga kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili asubuhi, au kuanzia saa kumi na moja jioni, na jioni haisubiri mtu: jua likishazama, dakika 20 hivi giza limeingia. Masika ni kipindi kingine ninachokipenda. Mawingu yanatandaza mwanga laini mchana kutwa, na maji yaliyotuama barabarani yanakupa anga la pili.

Sasa hili la ngozi zetu nalisema kwa uchungu kidogo. Kamera, iwe ya simu au kubwa, hupima mwanga kwa kudhani kwamba kilichomo kwenye picha, ukikijumlisha, ni kijivu cha wastani. Mpige mzee aliyevaa kanzu nyeupe mbele ya ukuta wa chokaa: kamera itaona weupe umezidi, itaupunguza, na utapata kanzu ya kijivu na uso uliozama gizani. Wala si jambo geni. Enzi za filamu, maabara za kusafisha picha kwa miaka mingi zilisawazisha rangi kwa kutumia kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, kadi zilizojulikana kwa jina la Shirley. Ngozi ya kwetu haikuwa kipimo. Basi usiiachie mashine ikuamulie. Kwenye simu gusa uso, kisha vuta ile alama ya jua juu kidogo; kwenye kamera yako tafuta kitufe chenye alama ya + na −, panda hatua moja. Bora zaidi mwombe mzee ahamie kwenye baraza, akae kivulini akitazama nje. Mwanga unaodunda kutoka mchangani utamjaa usoni na utaziona mpaka mvi za kope.

Na kuomba ni lazima. Feri sokoni, wakati wa mnada wa samaki, watu wako kazini na hawapendi kuchungulia kwa kamera. Naamkia kwanza, nauliza bei, nazungumza, ndipo naomba. Nikikataliwa nashukuru na kuondoka. Upande wa Ikulu kamera inabaki mkobani.

Siku za kuchoka zipo. Nimerudi na foleni ya Barabara ya Morogoro, nje giza, sina hamu ya chochote. Hapo napiga kilichopo: ndala za watoto mlangoni, dada akichambua mchele kwenye ungo chini ya taa. Wiki moja nilipiga mikono tu. Nilikuwa nimeiona tena ile picha ya Mwalimu akichanganya udongo wa Tanganyika na Zanzibar mwaka 1964, tuliyokuwa tukiiona vitabuni shuleni. Tukio zima la nchi mbili limebebwa na mtu mmoja anayemimina mchanga chomboni. Tangu hapo fundi cherehani, kinyozi na mpiga debe, wote nawaangalia mikono kabla ya uso.

Ukishazoea, jaribu mwendo. Mimi husimama kando ya njia ya mwendokasi, naweka kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga, 1/30 ya sekunde, na basi likipita naligeukia kwa kiuno, kamera ikilifuata bila kusita hata baada ya kubofya. Basi linatoka limetulia na maduka nyuma yake yanakuwa michirizi. Wewe anza na bodaboda za pale stendi.

Kwa hiyo nakuomba, chaji betri leo. Chagua mahali pamoja unapopita kila siku, hata kama ni lango lenu, upapige wiki nzima kwa saa tofauti, halafu nitumie zile ulizobakiza pamoja na moja uliyositasita kuifuta. Hiyo ya mwisho ndiyo ninayotaka tuijadili kwa simu Jumapili, baada ya kanisa.

Mama mpe shikamoo yangu, na kaka umwambie kamera yake iko mikono salama.

Wako akupendaye,
Somo