Mgonjwa wa MRI aambiwe kuhusu joto

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu MRI, kipimo cha kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, imewatoa wengi hofu kwa kueleza kwamba hakitumii mionzi ya eksirei. Hilo ni kweli. Lakini mliishia kwenye sumaku, kana kwamba mgonjwa akishavua pete na kuacha simu nje, basi yamekwisha. Mimi ni radiografa, kazi yangu ni kulaza watu kwenye mashine hiyo, na naomba nafasi nieleze mlichokisahau: mawimbi ya redio.

Sumaku peke yake haitoi picha. Inazipanga tu protoni za haidrojeni, chembe ndogo mno zilizomo kwenye maji na mafuta ya mwili. Ili zitoe ishara, tunazipiga kwa mawimbi ya redio, kisha koili, yaani antena inayowekwa karibu na mwili, inanasa ishara hafifu inayorudi. Kwenye mashine yenye sumaku ya nguvu ya tesla 1.5 mawimbi hayo ni ya takriban megahezi 64, si mbali na masafa ya FM. Ndiyo maana kuta za chumba chetu zimezungushiwa shaba, na mlango hufungwa kipimo kikiendelea, la sivyo mawimbi ya nje yataingia na kuchora mistari kwenye picha.

Sehemu ya nguvu hiyo huishia mwilini kama joto. Katika hali ya kawaida wastani wa mwili mzima hautakiwi kuzidi wati 2 kwa kila kilo, kwa hiyo tukikuuliza uzito usikisie. Omba upimwe.

Joto la mwili mzima mashine inalidhibiti. Linaloninyima raha ni la mahali padogo. Mgonjwa akifumbata mikono tumboni, au mapaja yakagusana, mwili wake unakuwa kitanzi cha umeme unaochochewa na mawimbi yale, na ngozi inapogusana ndipo panapoungua. Hapo hakuna chuma chochote, ni ngozi kwa ngozi. Sponji tunazoweka kati ya mapaja si za kukustarehesha tu, tafadhali usizisukume. Waya uliojikunja juu ya ngozi unaunguza, na nguo za michezo zenye nyuzi za fedha vilevile. Mgonjwa mmoja alikuwa na plasta ya dawa begani, chini ya fulana. Alipoulizwa kama ana chuma mwilini alijibu hapana, tena kwa nia njema kabisa. Nani angejua kwamba baadhi ya plasta hizo zina utando wa alumini?

Mama mwingine alitoka akasema nyonga ilianza kumchoma katikati ya kipimo. Mpira wa kutuitia alikuwa nao mkononi muda wote. Hakuubonyeza kwa sababu tulimsisitizia asijitikise, akaona atatuharibia picha. Wekundu wa ngozi ulipoa, lakini bado naumia nikimkumbuka. Picha tunaweza kuirudia! Na mtoto aliyelazwa usingizi kwa dawa hawezi hata kulalamika. Huyo anatutegemea sisi tu.

Naomba hospitali ziongeze kwenye fomu swali la plasta za dawa, na zimwambie mgonjwa asibandue yake kabla ya kutuuliza. Kisha, kabla mlango haujafungwa, aambiwe waziwazi: ukisikia joto mahali pamoja, bonyeza papo hapo, hutuharibii kazi. Nanyi mkiichapisha tena makala hiyo, wekeni maneno hayo chini ya picha ya mashine, ambako kila msomaji hutazama kwanza.

Wenu,
Radiografa wa chumba cha MRI