Barua ya wazi kwa mpwa wangu anayetafuta wapigaji "halisi"

Mpwa wangu,

Nimeliona tangazo lako. Unatafuta watu wanne wa kuunda nawe bendi ya bluegrass, ule muziki wa Kimarekani wa banjo, fidla na mandolini, hapo Nakuru, na nimefurahi. Ila ule mstari wa mwisho ndio ulionikalisha chini niandike: anayetoka kwenye taarabu, benga, rumba au kwaya asijisumbue kuja. Wataka waliolelewa na muziki huo tu. Ningekupigia simu, lakini wewe umesema hadharani, na wapo vijana wengine wenye wazo hilohilo, kwa hiyo nami najibu hadharani. Usininunie.

Twende kwa wenyewe. Muziki huu umepewa jina la bendi moja, Blue Grass Boys ya Bill Monroe, naye jina hilo alilitoa kwenye sifa ya jimbo lake la Kentucky. Safu ambayo wapenzi wengi huiona ndiyo yenyewe ni ile iliyokaa pamoja tangu Desemba 1945 hadi mwanzoni mwa 1948: Monroe kwenye mandolini, Lester Flatt gitaa, Earl Scruggs banjo, Chubby Wise fidla, na Howard Watts besi kubwa ya kusimama. Septemba 1946 waliingia studio mjini Chicago kurekodi kwa ajili ya kampuni ya santuri ya Columbia, na mpaka leo bendi nyingi za bluegrass hupanga ala zao vilevile. Hao ndio "halisi" wako. Sasa tuulize kila mmoja katoka wapi.

Monroe alizaliwa mwaka 1911 karibu na Rosine, Kentucky, kitinda mimba wa watoto wanane. Mandolini hakuichagua. Kaka zake Birch na Charlie walishajitwalia fidla na gitaa, naye akabakiwa na kile ambacho hakuna aliyekitaka. Husimuliwa kwamba hata hapo walimtaka aondoe nyuzi nne kati ya nane, asije akawafunika kwa kelele. Alikuwa na makengeza na macho hayaoni vizuri, wenzake wakimcheka, basi akajizoeza kusikiliza. Mama alifariki mtoto akiwa na miaka kumi, baba akafuata Bill akiwa na miaka 16. Mwishowe akaenda kuishi kwa Pendleton Vandiver, mpiga fidla wa dansi za vijijini aliyekuwa amelemaa baada ya kuangushwa na nyumbu. Mzee huyo alikuwa ndugu wa mama yake, yaani mjomba hasa. Akialikwa kupiga dansi, kijana alifuatana naye akimshikia mapigo, na nyimbo nyingi za fidla alizokuja kuzipiga maishani alizitoa kwake. (Wajomba tuna kazi, ndiyo maana nakusumbua.)

Lakini ninayetaka umkumbuke kuliko wote hayumo katika picha ya bendi hata moja. Anaitwa Arnold Shultz, Mmarekani mweusi, mzaliwa wa 1886 wa kaunti ileile ya akina Monroe, na baba yake aliwahi kuwa mtumwa. Alifanya vibarua, migodi ya makaa ya mawe ikiwamo, na gitaa halikumtoka mkononi. Alipiga pia fidla, na kwa muda alikuwa katika bendi ambayo wengine wote walikuwa weupe, jambo ambalo katika Kentucky ya miaka ile halikukosa wa kulilalamikia. Kidole gumba chake kilitembea na besi huku vidole vingine vikiimba wimbo juu, na mtindo huo ukapita mkono kwa mkono kwa wapigaji wa eneo lile hadi ukamfikia Merle Travis, ambaye gitaa la Marekani lina deni kubwa kwake.

Monroe akiwa kijana alipiga gitaa nyuma ya fidla ya Shultz kwenye dansi za kukesha, na alipokuwa maarufu hakuficha kwamba bluz iliyomo katika muziki wake aliipokea kwa mtu huyo. Shultz alifariki mwaka 1931. Hakuna aliyewahi kumrekodi. Ukitaka kumsikia, msikilize Monroe anapoiminya noti ya mandolini hadi iwe kama inalalamika. Lakini kwa tangazo lako Shultz angerudishwa mlangoni, maana ni mtu wa bluz.

Usinijibu kwamba huu ni muziki wa wazungu wa milimani. Banjo yenyewe ilitokana na ala walizounda Waafrika waliopelekwa utumwani Amerika, na ndugu zake wa ngozi na kibuyu bado wanapigwa kule Senegal na Gambia.

Flatt na Scruggs walitoka viwandani. Flatt, mtu wa Tennessee, alifanya kazi katika viwanda vya nguo kabla muziki haujaanza kumlisha. Kabla ya kuja kwa Bill alikuwa kwa Charlie Monroe, kaka mtu, ambaye walishaachana kibendi tangu 1938. Na huko kwa Charlie alikuwa akipiga mandolini na kuimba sauti ya juu! Kwa Bill akakuta mandolini ina mwenyewe na sauti ya juu ina mwenyewe, akapewa gitaa na uongozi wa wimbo. Ule mkimbio wa noti za besi anaomalizia nao mstari, ambao kila mpiga gitaa wa bluegrass leo huuiga, husemwa ulimsaidia kumfikia Monroe kwenye nyimbo za kasi. Mtu aliyehamishwa kazi, basi, ndiye aliyeweka alama.

Scruggs ndiye wa kukaa naye zaidi, kwa kuwa najua banjo ndiyo inayokuwasha. Alizaliwa 1924 Flint Hill, North Carolina, na baba yake alifariki yeye akiwa mtoto wa miaka minne. Wakati wa vita alikuwa kwenye kiwanda cha nyuzi cha mji wa karibu, Shelby. Upigaji wa vidole vitatu hakuuvumbua, kwao walikuwapo waliomtangulia, Snuffy Jenkins mmojawapo, tena huyo alisikika redioni. Alichofanya Scruggs ni kuulainisha mpaka usisikie mshono.

Shika banjo yako uone. Gumba, kidole cha shahada, cha kati, kisha unarudia, na kipimo kimoja cha wimbo kina noti nane. Vidole vitatu haviingii sawasawa kwenye nane, kwa hiyo mkazo unahamahama, mara uko mwanzo, mara uko katikati, na wimbo wenyewe unachomoza pale gumba linapotua. Ndiyo maana msikilizaji hudhani wanapiga wawili. Na kasi hiyo yote haikuyumba, kwa sababu utotoni yeye na kaka yake Horace walikuwa na mchezo wao: wanaanza wimbo pamoja mbele ya nyumba, mmoja anazunguka kushoto na mwingine kulia, wote wanapiga, na wakikutana upande wa pili lazima wawe kwenye noti moja. Fanyeni hivyo hapo kwenu kabla hamjanunua kifaa kingine cha kupimia mwendo.

Alipokwenda kujaribiwa Nashville, Desemba 1945, Flatt hakutaka habari ya banjo hata kidogo. Mpiga banjo aliyekuwapo kabla, Stringbean, alikuwa mchekeshaji, na upigaji wake wa kizamani ulikuwa unawavuta nyuma. Banjo jukwaani ilikuwa ala ya vichekesho. Flatt akamsikia kijana huyu wa miaka 21, akageuka na kumshauri Monroe amwajiri hata kwa bei gani.

Chubby Wise alikuwa dereva wa teksi Jacksonville, Florida. Fidla yake ilishalowa bluz na swingi ya magharibi, yaani muziki wa dansi wa kule Texas, uta mrefu, noti za kuteleza. Sikiliza anavyofungua nyimbo za polepole. Watts naye alitoka Florida, na jukwaani alijiita Cedric Rainwater, mcheza besi na mchekeshaji kwa pamoja, kwani onyesho lilikuwa la hema, watu wametoa hela na wanataka kucheka.

Halafu kuna Sally Ann Forrester. Walinzi wa usafi wa muziki huu humruka. Alikuwa katika bendi ya Monroe kuanzia 1943 hadi 1946, mwanamke wa kwanza wa bluegrass, na alipiga akodioni. Naam, akodioni, hiyohiyo ya taarabu. Yumo kwenye rekodi za Februari 1945. Mumewe Howdy ndiye aliyekuwa mpiga fidla kabla ya kwenda jeshi la majini, na alipotoka jeshini wakaondoka wote wawili. Kwangu mimi akodioni ile haikuukaa muziki vizuri, inaujaza mahali ambapo ungependa uache pumzi. Lakini Monroe aliijaribu, akaiweka kwenye santuri, na hakuna aliyemwambia kwamba sasa hupigi bluegrass.

Na hili lako la mipaka, wazee wa Rift Valley hawakulijua. Wimbo uliompatia Monroe nafasi Grand Ole Opry, kipindi maarufu cha redio cha Nashville, mwaka 1939 ulikuwa wa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi aliyekuwa mfanyakazi wa reli na kufariki 1933. Santuri za Rodgers huyohuyo zilifika kwa Wakipsigis, na mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, aliwarekodi wasichana wa Kapkatet wakimwimba kwa jina la Chemirocha, nusu mtu, nusu swala, tena kwa midundo yao. Kapkatet si mbali na hapo ulipo. Rodgers alifika huku kabla yako, na waliompokea hawakumsaili alikolelewa.

Jambo la mwisho ni hela. Katika kuvunjika kwa safu ile hapakuwa na ugomvi wa mitindo. Walikuwa wakisafiri wiki nzima kwa gari moja, Jumamosi lazima wawe Nashville kwa ajili ya redio, Jumapili barabarani tena, na wanalipwa kwa wiki huku hema likijaa. Mapema 1948 Scruggs akaondoka, Flatt akafuata, na Watts naye akawa nao katika bendi mpya, Foggy Mountain Boys. Monroe hakuzungumza nao kwa zaidi ya miaka ishirini; yeye na Flatt walipeana mkono mwaka 1971 katika tamasha lake la Bean Blossom, Indiana. Nampenda sana Monroe, lakini katika hilo alikuwa bosi mgumu na mwenye kinyongo.

Kwa hiyo futa ule mstari wa tangazo, na wakishapatikana wanne wako, andikeni mgao wa mapato kabla ya onyesho la kwanza: nani anachukua asilimia ngapi, mafuta ya gari yanatoka wapi, nyuzi zikikatika nani ananunua. Nitumie nakala niisome kabla hamjatia saini.

Mjomba wako