Kalamu ya risasi isiyo na risasi

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Barua yako ilinifikia siku nyingi, lakini rasimu ya sera ya madini mkakati, yakiwemo yale ya betri za magari ya umeme, imetufungia ofisini mpaka usiku. Uliniuliza kwa kejeli, "Mkakati wa nani?" Swali hilo niliingia nalo kwenye kikao cha Jumanne, nikatoka na jingine ambalo ni wewe tu, mtu wa umeme, unayeweza kunisaidia.

Kila mdau aliyesimama alisema lile lile: tusiuze tena mawe ghafi, tuongeze thamani hapa hapa. Makofi. Mimi nilikuwa nachorachora pembeni mwa karatasi, ndipo nikaitazama kalamu niliyoshika. Tunaiita kalamu ya risasi na haina risasi hata chembe. Ule weusi ni kinywe (grafiti), madini yale yale yaliyokuwa yanatajwa kwenye skrini mbele yetu. Nikausugua mchoro kwa kidole, kikabaki na weusi unaong'aa.

Kinywe cha kalamu hakifai kwenye betri. Cha betri lazima kisagwe, vile vigamba vyake bapa viviringishwe viwe punje, na katika kuviringisha huko nusu ya mali au zaidi huishia kuwa vumbi. Halafu kisafishwe mpaka kifikie usafi wa asilimia 99.95. Njia moja ni asidi ya haidrofloriki, sumu inayopenya ngozi mpaka mfupani. Nyingine ni tanuru lenye joto linalokaribia nyuzi 3,000, likiwaka saa kwa saa bila umeme kuyumba. Umeshajua ninakokwenda.

Katika chumba kile hapakuwa na mtu wa wizara ya nishati. Hata mmoja! Nilipouliza, nikajibiwa kwamba wao wana rasimu yao, ya nishati safi, na kikao chao ni wiki ijayo.

Kila mtu anapenda kutaja Indonesia. Ni kweli, Januari 2020 Jakarta ilipiga marufuku kusafirisha nje nikeli ghafi, nayo ni madini ya betri, viwanda vya kuyeyusha vikachipuka kama uyoga, na leo zaidi ya nusu ya nikeli inayochimbwa duniani inatoka huko. Umoja wa Ulaya ukaishtaki kwenye Shirika la Biashara Duniani, ukashinda mwaka 2022. Indonesia ikakata rufaa na marufuku ikabaki pale pale. Hapo ndipo wenzangu huishia kusimulia. Matanuru mengi yale yanakula umeme wa makaa ya mawe, kutoka mitambo iliyojengwa kwa ajili yao tu, na mtaji mwingi ni wa Wachina. Nikeli ya gari lisilotoa moshi inapikwa kwa moshi. Siwalaumu sana, maana wao angalau walijua tanuru litakula nini. Sisi tunaandika marufuku kwanza, umeme tutaukuta mbele ya safari.

Na muda haupo upande wetu. Kongo hutoa takribani asilimia 70 ya kobalti ya dunia, madini mengine ya betri. Februari 2025 Kinshasa ilisimamisha kuiuza nje, bei ikapanda, na Oktoba ikaja na mgao wa kiasi kinachoruhusiwa kuuzwa nje. Nguvu hiyo si ya kubeza. Ila betri za chuma na fosfeti hazina kobalti wala nikeli, na ndizo zinazojaa barabarani. Ukimbana mnunuzi mno, anabadilisha mapishi. Kinywe kipo katika betri za aina zote mbili, zenye kobalti na nikeli na zisizo nazo, na kukiandaa kwa ajili ya betri ni kazi iliyoshikwa karibu yote na China, ambayo tangu Desemba 2023 hairuhusu kitoke bila kibali. Wanunuzi wanahangaika kutafuta pengine pa kukipata, nasi tunabishana juu ya tafsiri ya neno "ghafi".

Basi nakuomba: nikadirie kiwanda kimoja cha kusafisha kinywe kwa tanuru kinahitaji megawati ngapi, na umeme ukikatika dakika kumi mzigo ulio ndani unakuwaje. Usiniandikie kihandisi, niandikie kama unavyonieleza mimi. Nataka ukurasa mmoja niusukume chini ya pua ya mwenyekiti kabla rasimu haijapigwa muhuri, na nakala ya pili niipeleke mwenyewe kwenye kile kikao cha wiki ijayo, hata kama sijaalikwa.

Wasalimie nyumbani wote.

Wako,
yule yule wa kuchorachora