Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Matairi Yanayokuja na Matela Mapya

Ndugu wanachama,

Mahesabu atayasoma Mweka Hazina, na habari za vikao vyetu na mamlaka za barabara mmeshagawiwa na Katibu kwa maandishi, kwa hiyo sitayarudia. Ada bado zinalipwa kwa kusuasua, wahusika wanajijua. Muda wangu nautumia kwa jambo lililotusumbua mwaka mzima: matairi yanayofungwa kwenye matela mapya.

Malalamiko yanafanana. Mtu anakopa benki, ananunua tela la ekseli tatu, linakabidhiwa linang'aa rangi, linasajiliwa, linapakia. Hata mwezi haujaisha vizuri, matairi yanaanza kupasuka. Si vipara wala si mtumba. Meno yote yapo, na vile vinyweleo vya mpira vya kiwandani bado vinaonekana. Mwenzetu mmoja alipasukiwa na tairi la ndani katikati ya Hifadhi ya Mikumi, tela limejaa saruji ya kwenda Tunduma. Dereva na utingo walibadilisha tairi huku macho yakiwa kwenye nyasi zaidi kuliko kwenye jeki. Alipokwenda kwa muuzaji akafunguliwa kitabu cha dhamana: chesisi imo, ekseli zimo, matairi hayamo.

Kamati ikaona isikae tu kusikiliza. Tulipita kwenye yadi kadhaa, za upande wa Barabara ya Mandela na za kule Kibaha, tukiwa na fundi tairi wetu. Ukisimama pembeni huoni kasoro, maana matairi yamepakwa dawa ya kung'arisha mpaka yanateleza. Tarehe ya kutengenezwa inapatikana mwishoni mwa mstari unaoanza na herufi DOT, kwa tarakimu nne: mbili za wiki, mbili za mwaka. Ukikuta 2319, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingi tarakimu hizo huwa upande mmoja tu wa tairi, na kwenye matela mengi tuliyoyakagua upande huo ulikuwa umegeuziwa ndani. Sijui ni bahati mbaya ya namna gani hiyo. Ikabidi fundi aingie uvunguni na tambara na tochi ya simu, afute vumbi, atusomee kwa sauti. Kwenye tela moja lililoitwa jipya kabisa, ekseli moja ilikuwa na matairi ya miaka tofauti. Alipobonyeza kidole gumba katikati ya meno, nyufa nyembamba zikafunguka.

Mpira huzeeka hata usipotembea. Tela linaweza kukaa kiwandani, melini, bandarini na yadini likiwa juu ya matairi yaleyale, jua linayapiga, upepo unapungua, na hakuna anayeyagusa. Wenzetu wa Uingereza wanaokokota matela ya kulala wakati wa likizo wanalia kilio hichohicho, kwa sababu tela lao husimama muda mrefu kuliko linavyotembea. Kule ushauri wa kawaida ni kubadilisha matairi yakifika miaka 5, na yasivuke 7, hata kama meno ni mazima. Tena tangu Februari 2021 nchi hiyo imepiga marufuku tairi la zaidi ya miaka 10 kwenye ekseli ya mbele ya lori au basi.

Baada ya umri, kuna uwezo wa kubeba. Hapa naomba mnivumilie kwa hesabu kidogo. Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016, inayotumika kwetu tangu Machi 2019, inaruhusu tani 24 kwa kundi la ekseli tatu zenye matairi 12. Gawanya: kila tairi tani 2. Inaonekana kidogo. Lakini matairi yetu yamefungwa pacha, na la ndani likiisha upepo, mwenzake anabaki na tani 4 peke yake. Tairi lililoandikwa namba ya uzito 156/150 linabeba kilo 4,000 likiwa peke yake na 3,350 likiwa pacha, yaani hapo limefika ukingoni. Lililoandikwa 149/146 linaishia kilo 3,250 peke yake. Hilo la pili ndilo tulilolikuta kwenye baadhi ya matela yaliyokuwa yakiuzwa kwa kazi ya tani hizohizo. Sasa ongeza lami ya Chalinze saa nane mchana.

Muuzaji ana lawama zake, lakini na sisi tunamkaribisha. Tukinunua kichwa tunauliza injini, giaboksi, hata redio. Tukinunua tela tunauliza urefu, unene wa chuma, aina ya ekseli, kisha tunaanza kubana bei. Muuzaji aliyebanwa hawezi kupunguza ekseli maana tumeitaja. Anapunguza tusichokitaja. Tangu kiwanda cha General Tyre cha Arusha kifungwe tunategemea matairi ya kutoka nje, na ndani ya makontena hayo mazuri na mabaya husafiri pamoja. Bei ya "pamoja na matairi" haisemi matairi gani.

Kwa hiyo Kamati inapendekeza kwamba kuanzia sasa mwanachama asilipe hata malipo ya awali kabla proforma, yaani ankara ya awali ya muuzaji, haijaandikwa saizi ya tairi, namba ya uzito, na kwamba siku ya makabidhiano hakuna tairi lenye zaidi ya mwaka mmoja tangu litengenezwe, spea ikiwemo. Iandikwe pia kazi yenyewe, kwa mfano shehena ya Dar hadi Tunduma. Hilo la mwisho lina uzito wake mbele ya sheria: chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ukimjulisha muuzaji wa bidhaa hiyo matumizi uliyokusudia na kutegemea utaalamu wake, bidhaa inapaswa kufaa kwa matumizi hayo. Ukikaa kimya unajinyima hoja. Tairi lililofutwa alama au kubandikwa alama nyingine tulipeleke Shirika la Viwango (TBS) na Tume ya Ushindani, tusimalizane na muuzaji kwa chai.

Nisiwadanganye lakini kwamba kila tairi linalopasuka lilikuwa bovu tangu yadini. Wengi wetu bado tunapima upepo kwa kugonga na bomba la chuma. Kugonga kutakwambia tairi limekwisha upepo. Hakutakwambia limepungua robo, na hiyo robo ndiyo inayolifanya lijikunje na kuchemka mpaka linapasuka. Upepo upimwe kwa geji asubuhi, tairi likiwa la baridi, la ndani kwanza kwa sababu ndilo linalorukwa. Madereva wanasema kupima kunachelewesha safari. Kumwaga saruji Mikumi nako kunachelewesha.

Fundi amekubali kukagua tela la mwanachama yeyote kabla hati ya makabidhiano haijasainiwa. Mwenye tela linalokuja kwa meli ampe Katibu taarifa mapema. Kamati inaomba gharama yake itoke kwenye mfuko wa chama, na hiyo ndiyo hoja ninayoiweka mezani leo pamoja na ile ya proforma. Katibu atahesabu mikono baada ya mahesabu kusomwa.